Maji ya Kunawa

Sokoni karibu na bandari, Émérence alikanyaga karai la ndagala, dagaa wa ziwani.

“Dada, hao walishakufa,” sauti ya kiume ilisema. “Unawaua tena?”

Aliinua uso. Kijana mrefu alisimama kando ya muuzaji, koti lake la abakosti la kijani limepigwa pasi, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya injini. Alikuwa Ngoy, fundi wa meli. Walichutama wakaokota pamoja, na Émérence, mwalimu wa darasa la pili, akaona haya kucheka mbele za watu.

Miezi ilipita. Ngoy alikuwa akipiga simu kwenye biro, ofisi ya shule.

“Mupenzi, jioni tutembee kando ya ziwa.”

“Jioni hapana. Kuja saa sita.”

“Saa sita jua linachoma. Unaogopa nani atuone?”

“Hakuna muntu.”

Aliogopa giza. Jua likishuka, macho yake yalizimika. Bibi yake alianza hivyo hivyo, mwisho akawa kipofu kabisa. Shule wakijua? Ngoy akijua?

Jioni moja kikao cha walimu kilichelewa. Émérence alirudi akipapasa ua wa nyumba za watu. Ng'ambo ya barabara Ngoy alimpungia mkono. Émérence akapita kimya.

Tangu hapo simu haikulia. Lakini wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshapanga siku ya kuonana kwa ajili ya uchumba, na Ngoy akaja nyumbani kwa kina Émérence na mama yake, Mama Clémence, uso umekunjamana. Walifika jua likizama, na umeme umekatika. Taa ya petroli haikumsaidia Émérence.

Kabla ya kula bukari, ugali wa kwao, bibi arusi mtarajiwa humnawisha mama mkwe mikono. Émérence alipiga magoti, amejifunga kikwembe chake cha bluu, beseni mbele yake, birika mkononi. Akamimina. Maji yakaanguka mapajani mwa Mama Clémence.

“Binti ananizarau,” mama alimwambia Ngoy. “Kama vile alikupita njiani.”

Ngoy alimtazama mchumba wake. Macho ya Émérence yalielekea mlangoni, pasipo na mtu.

“Émérence, unaniona?”

Émérence aliweka birika chini. “Jua likishuka sioni muntu. Siku ile sikukuona, Ngoy.”

“Kwa nini hukusema?”

“Niliogopa mungeondoka.”

“Na wajukuu wangu?” Mama Clémence aliuliza taratibu. “Nao watapapasa?”

Ngoy aliinuka, akapiga magoti kando ya Émérence, akashika beseni, kazi ambayo wanaume hawaifanyi. Aligonga ukingo wake kwa kidole.

“Mama yuko hapa, mupenzi. Mwaga hapa.”

Émérence alishika birika akangoja. Alisikia pumzi yake mwenyewe, na maji yakidondoka kutoka kwenye nguo ya mama. Labda walikuwa wanasimama waende.

Ndipo bangili za Mama Clémence zikagonga beseni.

Akamimina.

“Polepole, mwanangu,” mama alisema. “Yana baridi.”