Mposaji wa Usiku wa Ijumaa

Mnada wa samaki wa Darajani hauna simile. Ukikuna kichwa, umenunua. Ukifukuza nzi, umenunua. Simai wa Uroa alikuwa ameyasahau hayo. Alikuwa amerudi likizo kutoka Uingereza, anakosomea shahada ya pili ya biashara, akaingia mnadani na suti ya kijivu na tai shingoni, jua la saa tano linawaka. Akamwona rafiki yake upande wa pili, akampungia mkono.

"Wako, bwana!" mnadi akapiga kelele, na nguru mzima akatua mbele ya viatu vyake.

"Mie? Mie nnasalimia tu!"

"Salamu zipeleke nyumbani. Hapa tunauza!"

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana wa buibui jeusi, kikuba cha maua ya asumini kifuani kinanukia mpaka kinashinda harufu ya samaki. Macho yake makubwa yalikuwa yamejaa machozi ya kucheka.

"Kaka, ndivyo mnavyofunzwa biashara huko Ulaya?"

"Umejuaje kama nimetoka Ulaya?"

"Na hiyo tai, umetoka shamba Bumbwini?"

Simai akacheka naye. Akamwomba amsaidie, amchukulie nusu ya yule nguru, maana yeye hata kisu hana. Msichana akakubali, akamwambia jina lake ni Wanu, mwalimu wa hesabu katika skuli ya wasichana, na kwao ni Kikwajuni. Basi mambo yakaanzia hapo, kwenye mapande ya samaki, na mie sijaona mapenzi yaliyoanza kwa uvundo namna ile yakaendelea kunukia.

Kuonana kulikuwa shida, mji una macho. Lakini skuli ilikuwa na simu, na Simai akapiga.

"Hallo, nnamtaka Mwalimu Wanu. Ni habari ya masomo."

"Masomo gani, muongo we?" Wanu mwenyewe akajibu.

"Ya moyo, mpenzi. Nimeanguka mtihani."

"Utarudia darasa. Hebu nihadithie chuo chenu."

Akamhadithia. Kule mwalimu hakupi jibu. Anawatupia kisa cha kampuni inayozama, anakaa pembeni na kiko chake, na wanafunzi wanagombana mpaka mchana. Mhindi anataka kuuza mashine, kijana wa Afrika Magharibi anataka kumfukuza meneja.

"Na wewe unataka nini?"

"Mie nnataka kujua chakula saa ngapi."

Wanu akacheka mpaka mwalimu mkuu akakohoa chumba cha pili.

"Na ukimaliza, Simai?"

"Kampuni zenyewe huja chuoni kututafuta. Mtu unachagua. Na kuna darasa la jioni la uhasibu, wanaruhusiwa hata wake wa wanafunzi."

Kaka zake Wanu wote walipelekwa ng'ambo kusoma. Yeye aliambiwa ualimu unamtosha. Alilitaka darasa lile kwa roho yake yote.

"Wake tu?"

"Wake tu, roho yangu. Wachumba hawamo."

Sasa, baba yake Wanu alikwishafariki, na walii wake wa kumwozesha alikuwa Ami Kificho, ndugu wa baba yake, mtu wa neno moja. Naye alikwishaletewa posa na Makungu, tajiri wa karafuu wa Pemba. Bi Mashavu, mama yake Wanu, aliyekwishaambiwa habari za Simai, alimwombea binti yake muhula. Ami Kificho akasema: "Huyo mwanafunzi ana wiki hii tu. Akija, nitamsikiliza. Asipokuja, Jumapili nampa Makungu jibu, na jibu lenyewe ni ndiyo."

Jumapili hiyo hiyo ndiyo meli ya Simai ingeng'oa nanga kurudi Ulaya. Wanu akamweleza yote kwenye simu.

"Usikhofu, mpenzi," Simai akasema. "Nakuja na mjomba wangu usiku wa Ijumaa, baada ya isha."

"Usiku wa Ijumaa?"

"Usiku wa Ijumaa, inshallah."

Lo! Nyumba ya Kikwajuni ikafagiliwa mpaka uvunguni. Bi Mashavu akapika biriani, akafukiza udi, akatandika mazulia. Wanu akapakwa hina, akavaa kanzu ya hariri ya rangi ya zabibu. Ami Kificho akaja na joho lake, akakaa. Isha ikapita. Kahawa ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Hodi haikusikika.

"Sasa umemjua," Ami Kificho akasema, akavaa viatu vyake. Wanu alilia usiku kucha, hakumficha mtu kilio chake.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Simai alimwona Ami Kificho mlangoni mwa msikiti, akamkimbilia kwa furaha. "Shikamoo, mzee wangu!" Mzee akamtazama kama anavyotazamwa paka jikoni, akaondoka. Simai akadhani hakumsikia.

Isha iliposaliwa, Simai akafika Kikwajuni na mjomba wake, Mzee Shaame, aliyetoka Uroa asubuhi ile. Kanzu zimepigwa pasi, kofia mpya. Wakapiga hodi. Dirisha la juu likafunguliwa, na Wanu akachungulia, macho yamemvimba.

"Duka limefungwa, bwana biashara. Mlikuwa na jana yenu."

"Jana? Wanu, nilisema usiku wa Ijumaa! Leo si Ijumaa?"

"Ijumaa imekwisha jua lilipokuchwa. Huu usiku wa Jumamosi!"

Mzee Shaame akageuka polepole. "Ewe Simai. Mie umenambia nije tusali Ijumaa, kisha twende. Mwana wa watu ukamwambia usiku wa Ijumaa?"

"Kule Ulaya, mjomba, usiku unafuata mchana wake..."

"Kule Ulaya! Hapa usiku ndio unaotangulia, tangu hujazaliwa! Wamekukalia jana nyumba nzima, mpumbavu we!"

Simai akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Wanu, wallahi nilikuwa nnahisabu saa. Jana nilikuwa nakata nywele, nijitengeneze kwa ajili yako!"

Juu dirishani kikasikika kicheko, kile kile cha mnadani, kimechanganyika na kilio. Mlango ukafunguliwa. Ami Kificho akaitwa kutoka nyumba ya pili, akaelezwa, akajitahidi asicheke, joho likawa linamtikisika.

Biriani ya jana ikapashwa moto. Wanaume wakazungumza ukumbini: Wanu aolewe kabla ya meli kuondoka, Simai atangulie, yeye afuate kwa meli ya pili karatasi zake zikiwa tayari, na darasa la jioni liwe sharti la ndoa. Mzee Shaame akakubali yote.

"Basi," Ami Kificho akasema, "ndoa usiku wa Jumapili."

Sauti ya Wanu ikatoka nyuma ya pazia: "Ami, nna sharti moja jingine. Mwenyewe aseme usiku huo ni lini."

Watu wote wakamtazama Simai. Msomi wa shahada ya pili akainua vidole, akavihisabu, jasho likamtoka.

"Kesho," akasema. "Kesho, jua likichwa."

"Basi mie nimeridhika," Wanu akasema, na Bi Mashavu akapiga kigelegele kilichowaamsha majirani.