Taa ya Kiazi Chini ya Kitanda

Kila siku baada ya shule Wietske alipanda basi na mama yake kwenda hospitali ya Groningen, Uholanzi, kumwona Jelte, mdogo wake wa miaka saba. Mlangoni alinawa hadi viwikoni, akavaa barakoa, na muuguzi Aaltje akamuuliza kama ana mafua, au amebeba chochote cha shambani.

Jelte alikuwa na saratani ya damu. Madaktari walitoa chembe za kinga mwilini mwake, wakazifundisha maabara kuitambua saratani, wakazirudisha mshipani. Aaltje alisema dawa hiyo ni askari wake mwenyewe waliopelekwa shule. Jelte akauliza kama nao hupewa kazi za nyumbani.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Martin, ambapo watoto wa kijijini kwao huchonga viazisukari, mizizi minene ya kutengenezea sukari, wakatia taa ndani na kuimba mlango kwa mlango wapewe peremende. Wietske hakutaka mdogo wake akose. Alichonga kiazi kutoka shamba la babu, akakificha katika mfuko wa nguo. Mlangoni alisema hana kitu, kisha akampa Jelte taa yake, wakaificha chini ya kitanda.

Siku ya tatu baada ya sikukuu Jelte aliwaka homa, hata asimtambue mama. Wietske alisimama nje ya kioo, mikono haina la kufanya. Daktari Roelfsema alimweleza mama kwamba huenda ni chembe zinapigana, huenda ni ugonjwa mwingine, bado hawajui. Wietske akamgeukia muuguzi.

"Shangazi Aaltje," alisema, "kuna kiazi chini ya kitanda. Ni mimi nilikileta."

Aaltje alikitoa, kilikwisha kuota ukungu.

Wakapima damu upya, wakaongeza dawa ya kuzuia ukungu, maana ungeweza kumdhuru vibaya mtoto mwenye kinga dhaifu. Basi ikawa kungoja, na kungoja tena. Siku ya nne ya homa Jelte akafumbua macho. "Taa yangu iko wapi? Mmeila?"

Vipimo vikaonyesha ukungu haukumwingia. Homa ilitokana na chembe. Wietske akashusha pumzi, akasema kumbe hakukosea.

Daktari akaketi karibu naye. "Ulikosea, mwanangu. Hukumdhuru, hiyo ni bahati. Askari wa Jelte tumewafundisha kumtafuta adui, lakini sisi wenyewe tunatafuta kwa kuuliza. Ukitudanganya mlangoni, hatuoni. Siku nyingine utujibu kweli, hata kama jibu linakuaibisha."

Kesho yake Wietske aliufungua mfuko wake kabla Aaltje hajauliza.