Herufi za Nyumba Mbili

Soko la Virunga lilikuwa limefurika. Kanyere alipita na kikapu cha vitunguu, kitenge chake cha njano amekifunga juu kidogo kwa sababu ya vumbi jeusi la volkano. Juu ya ngazi, kijana mmoja, Ézéchiel, alikuwa anabandika neno RESTAURANT kwenye kibao, herufi nyembamba kama uzi. Kanyere hakuwa msemaji, lakini maneno yalimponyoka.

"Papa, ile R ya pili ni mugeni."

"Mugeni wa nani?"

"Angalia muguu yake. Ya kwanza inasimama sawa. Hii inajitupa pembeni kama mulevi."

Ézéchiel alitazama, akashuka, akacheka. "Ulisoma wapi, mama?"

"Niliachia troisième primaire, darasa la tatu tu."

Kusoma kulimchosha. Maumbo hayakumchosha kamwe.

Wiki iliyofuata alikuwa kazini kwenye karakana ya Ézéchiel ya vibao na uchapaji, mtaa wa Mapendo, akiinua herufi za plastiki kwa ncha ya sindano. Sheria ya pale ilikuwa moja: mteja akishasahihisha karatasi ya majaribio, ile nakala ya kwanza kabla ya kuchapa, amekubali kazi.

Punde ikawa kila jioni Ézéchiel anampigia simu.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, umeshatofautisha zile t mbili za leo?"

"Zote ni misalaba, bwana!"

"Moja kichwa yake imekatwa mushazari. Fungua macho."

Siku moja karakanani Kanyere alimwonyesha mteja mmoja, daktari, herufi ngeni kama ile R kwenye kibao chake kipya. Ézéchiel alishikwa na aibu.

"Musimusikilize, docteur. Huyu hata primaire hakumaliza."

Kanyere alichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi, akatoka. Simu ililia siku sita. Hakuipokea.

Siku ya saba Ézéchiel alisimama mlangoni kwa kina Kanyere, shati jeupe limepigwa pasi.

"Docteur amerudisha kibao. Ulisema kweli."

"Nilijua."

"Nilikutukana mbele yake. Nimemwambia mbele ya wafanyakazi wote: mwenye macho ni Kanyere, mimi nina mashine tu."

Alimpa karatasi ya majaribio. Mwaliko wa ndoa, majina yao mawili, herufi nyembamba. Kanyere aliisogeza kwenye mwanga, akaipitia kwa ncha ya kidole.

"E za jina lako zimefunga mudomo. Za jina langu ziko wazi. Hazitoke nyumba moja."

"Basi unakataa?"

Alichomoa sindano kwenye ukosi, akatoboa e mbili za jina lake mwenyewe, moja moja, bila haraka.

"Badilisha hizi," alisema. "Halafu uchapishe."