Kikanyagio cha Pikapu ya Baba Tofali

Kila asubuhi Baba Tofali alianza siku kwa kuilaani barabara. Alipima oili, akafuta kioo, huku akinung'unika. Njia ya kwenda kwenye tanuri alikopakia matofali ilikuwa na mashimo ya kumeza mbuzi. Wakubwa waliijua. Walikuja wakati wa kuomba kura, wakaahidi, wakapandisha vioo vya magari yao, wakaenda zao. Ndiyo maana pikapu yake alikuwa ameinyanyua juu, kama jogoo anayetembea kwenye maji. Ingekuwa chini, tumbo lake lingebaki njiani.

Matofali hayakuona shida na urefu ule. Aliyeona shida ni mama mkwe.

Mama mkwe alihamia pale mke wa Baba Tofali alipofariki, ili nyumba isikose mama. Baadaye yeye mwenyewe akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alitibiwa, mfupa ukaunga. Lakini mguu ulikuwa bado umekakamaa, na hospitali ilimtaka aende kwenye mazoezi kila wiki. Mtaalamu wa mazoezi hakuficha. Alisema mama akiacha, mguu utakakamaa kabisa, na hatatembea tena bila kushikwa.

Mwanzoni binti wa Baba Tofali ndiye aliyempandisha bibi yake kwenye gari. Alimsukuma kwa nyuma huku akimuuliza amekula nini, mbona amekuwa mzito kuliko tofali bichi. Kisha binti akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, akawa anaondoka alfajiri. Wakabaki mtu na mkwewe, mbele ya mlango wa gari ulio juu. Baba Tofali amshike mama mkwe kiuno? Akarudi nyuma kwa haya. Mama mkwe naye akatazama ukutani.

"Leo mguu hauumi sana," alisema. "Tuache tu, mwanangu."

Wiki iliyofuata akasema vilevile. Baba Tofali akaona wazi kwamba mama huyu atakwama kitandani kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe ni ya wote wawili.

Akaanza kuuliza watu. Muuza mapambo ya magari akamwambia aweke vikanyagio, vile vyuma virefu vinavyofungwa ubavuni, chini ya milango. Mtu mzima anakanyaga, anapanda. Mawe na matope hayapigi milango. Gari nalo linapendeza. Kule kwenye tanuri, madereva wenzake wakamcheka. Walisema tuta la kwanza tu litaking'oa chuma hicho. Matope yatakaa ndani yake na kutu itakila. Tena wapakiaji wataning'inia hapo kama popo, na mmoja akianguka, kesi ni ya mwenye gari. Mwingine akapinga. Alisema yeye bila kikanyagio asingefika juu kufunga kamba za mzigo.

Kila mmoja alisema kweli yake. Baba Tofali akarudi nyumbani kichwa kimejaa kelele kama sokoni. Aweke? Asiweke? Akawalaumu wakubwa tena. Wana ofisi ya kila kitu, lakini hawana hata mtu mmoja wa kumwelekeza mwenye pikapu.

Mwisho akachagua kwa macho. Alinunua vikanyagio vipana, virefu, laini, vinavyong'aa, kama vya magari ya wakubwa wale wale aliokuwa akiwasema. Muuzaji akavifunga kwa skrubu kwenye bati la chini ya mlango. Kazi ilikwisha upesi mno.

Mvua ikanyesha. Siku ya mazoezi mama mkwe akaweka ndala yake yenye tope juu ya chuma kile. Mguu ukaserereka kama umekanyaga sabuni. Alijishikilia mlango, akaketi chini polepole. Hakuvunjika, ila ugoko ulichunika. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Baba Tofali akaenda kazini na hasira. Kwenye tuta akasikia chuma kikilia. Kikanyagio kilijikunja, kikaubana mlango wa abiria, ukawa haufunguki.

Jirani yake, dereva wa gari la wagonjwa ambaye mtaa mzima humwita Mama Honi, alimkuta jioni akikipiga chuma kile nyundo.

"Kimekukosea nini, jirani?" aliuliza.

"Sijui, dada. Wengine wanasema kizuri, wengine kibaya. Nishike neno lipi?"

"Yote. Uliza kwanza ni nani anapanda, na gari linapita wapi."

Akainama chini ya gari, akamwita naye ainame. Akamwonyesha kwamba bati la mlango ni jembamba, halibebi mtu. Kikanyagio hushikwa na chesisi, ule mfupa mnene wa gari, kwa vyuma vya kushikilia na bolti kwenye matundu yaliyopo. Chesisi isichomelewe ovyo, itadhoofika. Kwa barabara mbaya kama hii, chuma kiwe chembamba, kibanwe juu karibu na mlango, kisishuke chini ya tumbo la gari. Uso wake uwe na matundu yenye kingo zilizoinuka kama kikwaruzio cha karoti, ili tope lidondoke na ndala ishike.

"Na ukiwa na mtu wa kupanda mara mojamoja, kigoda imara kinatosha," alisema. "Lakini uwanja wa hospitali una mteremko. Kigoda kitayumba."

"Nifunge pande zote?"

"Kwa nini? Wewe si unapanda mwenyewe? Mfungie mama. Na umwekee kishikio ndani, kwenye nguzo ya mlango. Mguu bila mkono haupandi."

Fundi wa gereji alifanya kama walivyomweleza. Chuma kipya kilikuwa kifupi, hakikung'aa, hakikuwa na sura yoyote. Baba Tofali akawapiga marufuku wapakiaji: gari likitembea, hakuna wa kusimama hapo. Kila baada ya kazi aliosha tope chini yake na kukaza nati.

Mama mkwe alihitaji kubembelezwa na mjukuu wake kwanza. Siku hiyo alishika kishikio, akakanyaga, akatulia, akajivuta. Baba Tofali alisimama kando, hajui mikono yake aiweke wapi.

Mazoezi yakaendelea. Mguu ukalegea, akaanza kutembea na fimbo hadi kwa majirani. Barabara ilibaki vilevile, na wakubwa hawakuonekana.

Asubuhi moja Baba Tofali alikwenda kumwita mama mkwe waende mazoezini. Chumbani hayupo, uani hayupo. Akazunguka nyumba, akaita. Kisha akatazama ndani ya gari. Mama mkwe alikuwa ameketi kitini, amefunga mkanda, fimbo iko mapajani.

"Mbona unazungukazunguka, mwanangu?" alisema. "Au na wewe unangoja kupandishwa?"