Pikipiki Iliyokataa Kuwaka Ukweni

Fridolin alikuwa muuza mikate wa Ifakara. Kila asubuhi alifunga makreti yake nyuma ya pikipiki, akazunguka maduka ya mjini, kisha akashika njia ya vijijini. Alikuwa mtu wa utani. Wateja walimpenda, na mikate yake haikulala.

Kila Jumamosi alimalizia safari yake kijijini Michenga, kwa mama mkwe wake, Mama Balbina. Huko alipokelewa kama mfalme. Aliwekewa maji ya kunawa, wali wa mpunga mpya na samaki wa kukaanga. Alikula mpaka akalegeza mkanda.

Shida ilianza wakati wa kuaga.

Kati ya nyumba ya Mama Balbina na jiko lake la nje palikuwa na kichochoro chenye kivuli. Fridolin aliiegesha pikipiki humo. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, alikata usukani wote kushoto, akaufunga kwa ufunguo. Alipokwisha kuaga, alirudi, akafungua ufunguo, akabonyeza kitufe cha stata. Kimya. Alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Kimya vilevile.

Basi majirani waliitwa. Waliisukuma pikipiki kwenye mashimo mpaka barabarani. Huko Fridolin alijaribu tena, nayo ikawaka mara moja.

Mara ya kwanza watu walicheka. Careen, mdogo wa mkewe, alimtania.

"Shemeji, kama unataka kulala, sema tu. Usisingizie pikipiki."

Jumamosi iliyofuata ilikataa tena. Fridolin alirudi Ifakara, akanunua betri mpya. Jumamosi nyingine ikakataa na betri yake mpya. Akabadilisha plagi. Ikakataa. Jambo la ajabu ni kwamba kwingine kote iliwaka bila tatizo. Iliwaka nyumbani, ikawaka sokoni, ikawaka hata kwenye mvua. Ilikataa kwa Mama Balbina tu.

Mama Balbina aliacha kucheka. Siku ya mwisho hakutoka hata kusindikiza. Alisimama mlangoni, mikono kifuani, akiwatazama majirani wakisukuma.

Siku chache baadaye, jioni, Edna, mke wa Fridolin, alikuwa amempakata mtoto wao mchanga, Kelestini. Uso wake haukuwa na raha.

"Mama amepiga simu," alisema. "Anasema Jumapili haji kwenye ubatizo."

"Haji? Mjukuu wake wa kwanza?"

"Anasema pikipiki yako inawaka kwa wateja, inawaka kwa kila mtu, ila kwake haiwaki. Anaona humjali. Ikiwa ya kuuzia mikate unaitengeneza, ikiwa ya kuja ukweni unaiacha hivyohivyo."

Fridolin alikaa chini. Alimpenda mama yule. Hakuwa na neno baya naye hata moja.

"Edna, mimi nimenunua mpaka betri."

"Ninajua. Lakini yeye haioni betri. Anaona watu wanasukuma."

Asubuhi Fridolin hakusubiri. Alikwenda kwa Siwema, fundi wa umeme wa pikipiki. Siwema alikuwa na banda lake dogo karibu na duka la baba yake, Mzee Mbaruku. Alijifunza kazi hiyo chuoni, na madereva wengi walimwamini.

"Habari za asubuhi, fundi. Nina pikipiki inayochagua nyumba."

Alimweleza yote. Siwema alicheka, lakini hakugusa spana. Alivuta kigoda, akakaa.

"Hapa mjini imewahi kukukatalia?"

"Haijawahi."

"Basi tuiache betri kwanza. Betri haijui nyumbani wala ukweni. Ikikataa, taa zinafanya nini?"

"Taa hata moja haiwaki. Hata ile ndogo ya kijani."

"Hilo ni jambo kubwa. Kama betri ingekuwa dhaifu, mara nyingi taa ingewaka kwa kufifia, au stata ingelia tik-tik. Kama plagi ingekuwa mbovu, stata ingezunguka tu bila pikipiki kuwaka. Yako inakuwa kimya kabisa, halafu inarudi. Maana yake kuna mahali umeme unakatika na kuungana tena. Sasa niambie, ukifika kwa mama mkwe unaiegesha vipi?"

Fridolin alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Naiingiza kwenye kichochoro. Nakata usukani."

"Upande gani?"

"Kushoto, mpaka mwisho."

"Na hapa mjini?"

"Nyumbani inalala sebuleni, usukani umenyooka."

Siwema akasimama. "Hebu fanya hapa kama unavyofanya kule. Usiache kitu."

Fridolin aliisukuma pikipiki mpaka kati ya meza ya fundi na ukuta. Akakata usukani kushoto, akaufunga, akaufungua. Kisha akawasha swichi ya ufunguo. Taa ya kijani haikuwaka. Akabonyeza stata. Kimya.

Kwa mara ya kwanza Fridolin alifurahi kuona pikipiki yake imekataa. Alipiga makofi, Mzee Mbaruku akatoka dukani kuangalia kulikoni.

"Usiiguse," Siwema alisema. "Ugonjwa umeonekana. Sasa tutafute unapouma."

Alichukua taa ya kupimia. Ilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliubana kwenye chuma cha pikipiki, wa pili akaugusisha kwenye chanya ya betri. Balbu ikawaka.

"Betri ina umeme," alisema. Akapima baada ya fyuzi. Balbu ikawaka. "Fyuzi ni nzima." Kisha akapima kwenye waya unaoingia kwenye swichi ya ufunguo. Balbu haikuwaka.

"Kwa hiyo umeme unapotea kati ya fyuzi na swichi," Fridolin alisema polepole.

"Umeona mwenyewe. Sasa nyoosha usukani taratibu."

Fridolin alinyoosha. Balbu ikawaka. Akakata kushoto. Ikazima.

Siwema alipitisha vidole kwenye fungu la nyaya, pale linapopita shingoni mwa usukani. Alipofika mahali fulani, balbu ilianza kucheza. Alitoa kwanza waya wa hasi wa betri ili umeme usipige shoti, kisha akafungua tepu. Waya mwekundu ulionekana mzima kwa nje. Alimpa Fridolin aushike.

"Bonyeza hapa."

Fridolin alibonyeza. Waya wote ulikuwa mgumu, lakini pale ulikuwa laini kama tambi iliyoiva.

"Ndani shaba imekatika," Siwema alieleza. "Usukani ukinyooka, ncha zinagusana. Ukikata kushoto, zinaachana. Wakati mwingine hata ukinyoosha hazigusani mpaka pikipiki irukeruke kidogo. Majirani waliposukuma kwenye mashimo, ndipo zilipogusana. Ninyi mkadhani betri imepata nguvu."

"Na kwa nini ulikatika?"

"Umebanwa sana hapa kwa nailoni, labda siku ya kufunga honi. Kila ukikata kona waya unavutwa. Nyaya za shingoni lazima ziwe na ulegevu."

Fridolin alitaka kujua kama angeweza kuukunja tu na kuufunga kwa nailoni, aondoke.

"Pikipiki ingewaka leo," Siwema alisema. "Kesho kutwa waya unaingia maji, unapata kutu, au unagusa chuma na kuungua. Tena mtu asikudanganye ukatoe fyuzi na kuweka kipande cha waya. Fyuzi ikikatika inakulinda wewe na pikipiki."

Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya wa unene uleule, mrefu kidogo kuliko wa kwanza. Aliulehemu kwa risasi, akauvika mpira, akaufunga bila kuubana. Akarudisha hasi ya betri. Fridolin alikata usukani kushoto, kulia, kushoto tena. Taa ya kijani haikupepesa.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Michenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Balbina alijibu, bila kuinuka.

Fridolin aliingiza pikipiki kwenye kichochoro kilekile. Alikata usukani wote kushoto, akaufunga.

"Mama, sitakula kwanza. Naomba uje uiwashe wewe."

"Mimi? Mimi najua pikipiki?"

"Kuna kitufe kimoja tu. Hapa."

Careen alikuja mbio kutoka shambani kwa jirani. Mama Balbina alijifuta mkono kwenye kanga. Alibonyeza kwa ncha ya kidole, kama anayegusa sufuria ya moto. Pikipiki iliunguruma, kuku wakatawanyika. Mama aliruka nyuma, kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

Fridolin alimweleza habari ya waya uliokatika ndani.

"Kumbe ulikuwa ugonjwa wa shingo," Mama Balbina alisema. "Na mimi nimemkasirikia mkwe wangu bure. Njoo ule, baba."

Jumapili alifika Ifakara na kitenge kipya, kilemba juu. Kanisani alimshika Kelestini muda wote, na maji yalipomwagwa, mtoto hakulia. Nyumbani waliimba na kucheza. Siwema na Mzee Mbaruku nao walikuja, wakala pilau.

Jua lilipoanza kushuka, Fridolin alitoa pikipiki.

"Twende, mama, nikuwahishe."

Alibonyeza stata. Ikawaka papo hapo. Mama Balbina aliitazama, akamtazama mjukuu aliyelala mapajani mwake.

"Fundi wako anajua kazi kupita kiasi," alisema. "Leo ndiyo ingekataa."

Edna alicheka, akaenda kumtandikia kitanda. Fridolin alizima pikipiki, akairudisha sebuleni.