Profesa wa Jericho

Johnson Ndung'u alikuwa ameangukia taipureta yake, mkono mmoja ukining'inia kando ya meza. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilikuwa imeanza kuganda kwenye kola ya shati lake la Jumapili, na chai kwenye kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake ilikuwa bado ina uvuguvugu.

Inspekta Ndambuki alikigusa kikombe kwa mgongo wa kidole, kisha akatazama saa. Ilikuwa saa moja na robo jioni.

"Huyu hajafa zamani," alimwambia Sajini Yonis. "Nani alimwona mwisho akiwa hai?"

"Ni mimi, afande," alisema Perez, mama aliyetunza ukumbi wa jamii wa mtaa wa Jericho. Alikuwa amejifunga leso kichwani na macho yalikuwa mekundu. "Nilimletea chai, nikamwacha akipiga hiyo mashini yake, nikakimbia nyumbani kutazama Darasa la Haki. Kipindi kilipoisha nikarudi kufunga. Nikamkuta Bedan amesimama hapa na nyundo mkononi."

"Na wakati wa kipindi, nani alikuwa nje?"

"Wakati wa Darasa la Haki? Afande, hata kuku hawako nje."

Hakuwa akitia chumvi. Mwaka huo wa 1984, mwaka ambao watu walikula ugali wa manjano wa mahindi ya msaada na kuusema kila siku, Eastlands ya Nairobi ilikuwa na starehe moja isiyokuwa na foleni. Kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni, aliyekuwa na televisheni aliketisha majirani sakafuni, na wote wakamtazama Profesa akiwafundisha wanafunzi wake sheria. Ndung'u ndiye aliyeuandika mchezo huo. Waigizaji walifanya mazoezi katika ukumbi huu huu. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuutazama hata siku moja. Kipindi kikiwa hewani, yeye alikaa chumba cha nyuma akiandika kingine.

Aliyeigiza Profesa ni Lenah, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi karibu na Makadara. Mwanamke mfupi, mwembamba, na sauti ya kumfanya mtu avue kofia. Wanafunzi wake wa mchezoni wakianza kupayuka kuhusu kesi, huwakatiza kwa maneno yaleyale: "Niambie ulichokiona, si ulichokisikia." Watoto wa Jericho waliyatumia wakigombania gololi. Ndambuki mwenyewe alikuwa ameyatumia kwa washukiwa, na hakuona haya kukiri. Walimu wake katika chuo cha polisi Kiganjo hawakuwahi kumweleza ushahidi vizuri namna ile.

Sasa alikuwa na mwili, na nyundo. Ilikuwa nyundo ya jaji, mbao ya mninga mtupu, nzito kuliko ilivyoonekana kwenye televisheni. Majaji wetu hawagongi nyundo, na mawakili kadhaa walikuwa wamemwambia Ndung'u hivyo. Aliwajibu kwamba mlio wake unapendeza.

Bedan aliketishwa kwenye kiti cha mshtakiwa, kile cha mchezo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Aliigiza mmoja wa wanafunzi wa Profesa.

"Nyundo uliitoa wapi?"

"Chini, hapo mlangoni. Niliiokota tu."

"Kwa nini?"

"Si mimi ndiye huweka vitu vya mchezo? Nikiona kitu kimelala chini, mkono unaenda wenyewe. Niliokota kwanza, ndio nikamwona buda pale mezani."

"Ulifuata nini hapa?"

"Nilikam kurudisha majoho. Mathe wangu alikuwa ameyafua."

"Asubuhi mligombana na marehemu."

"Alinikatia maneno yangu ya mchezoni. Kila mtu hugombana na Ndung'u, afande. Huwezi kuua mtu juu ya hiyo."

Alama za vidole hazikusaidia. Kila mwigizaji alikuwa ameshika ile nyundo. Lakini ni mmoja tu aliyekutwa nayo juu ya maiti. Bedan alivuliwa mshipi na viatu kama ilivyo desturi, akafungiwa seli. Mkubwa wa Ndambuki alisoma taarifa akiwa amesimama.

"Jumanne asubuhi mpeleke mahakamani. Mauaji. Unangoja nini?"

Ndambuki aliirudisha taarifa kwenye faili. Kijana hakuwa na uso wa muuaji, lakini uso hausomwi mahakamani. Akishindwa kujitetea atanyongwa, sheria haina kona nyingine.

Jumatatu alirudi ukumbini kuwahoji waigizaji waliobaki. Wengi walikuwa na majirani wa kuwashuhudia, sebule zimejaa. Mwisho waliingia wawili pamoja, Lenah na kaka yake, Wasike.

Wasike ndiye aliyekuwa Jaji wa mchezo. Bwana mnene, mvi zimechanwa vizuri, karani wa stoo mchana na mzee wa kanisa Jumapili. Mtaani hakuna aliyemwita Wasike tena. Akipita dukani ni "Mheshimiwa". Mke na mume wakikosana walimgongea mlango, naye aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho, na walisema hukumu zake zilikuwa za haki. Ni yeye aliyeacha shule huko Kimilili na kuja Nairobi kufanya kazi ili Lenah asome awe mwalimu. Lenah alimpenda waziwazi. Hata sasa alimvutia kiti kwanza.

"Jana jioni ulikuwa wapi, Mheshimiwa?" Jina lilimtoka Ndambuki bila kufikiri.

"Kwangu, mtaa wa Jerusalem. Nikitazama kipindi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mama watoto yuko nyumbani Kimilili, kuna matanga."

"Na wewe, Mwalimu?"

"Kwangu hapa Jericho," alisema Lenah. "Na majirani. Walijaa mpaka mlangoni."

Ndambuki aliandika. Kisha akafanya jambo ambalo halimo katika mafunzo ya upelelezi. Alikuwa zamu jana, redio ya polisi ikimlia masikioni, na tangu Darasa la Haki lianze hakuwahi kukikosa kipindi hata kimoja. Ilimuuma.

"Mimi nilikikosa," alisema. "Yule mzee aliyesingiziwa wizi wa mabati, aliponaje?"

Uso wa Wasike ulichangamka. Alijinyoosha kitini na mikono ikaanza kusema pamoja na mdomo.

"Ah, Inspekta, umekosa. Profesa anamaliza kumhoji yule shahidi mwongo. Kisha mimi naondoa miwani, namwachilia mzee. Halafu, hapo ndipo penyewe, nashuka kutoka kitini. Jaji mzima nashuka. Nachukua viatu vyake kwa askari, naviweka mbele ya miguu yake. Namwambia, 'Mzee, vaa viatu vyako uende nyumbani.' Nilipojitazama jana machozi yalinitoka."

Ndambuki aliacha kuandika. Aliona kila kitu, jaji ameinama, mzee amesimama bila viatu.

Hakumtazama Lenah. Yonis ndiye aliyemtazama, na baadaye alisema kwamba mwalimu alikuwa ameacha kupepesa macho. Wakati huo sajini alidhani ni simanzi.

Jioni hiyo Ndambuki alikula chakula chake bila kuinua macho. Kavutha, mkewe, alimwongezea sukuma wiki bila kumuuliza. Alikuwa amezoea.

"Umeniambia nini juu ya kipindi cha jana?" alimuuliza Ndambuki hatimaye.

"Sijakuambia kitu. Umeingia hapa umenuna."

"Nasikia Jaji aliwaliza. Alivyoshuka na vile viatu."

Kavutha aliweka mwiko chini. "Jaji gani, Baba Mwende? Jana Jaji hakutokea kabisa. Profesa alimaliza kumhoji yule mwongo, mzee akaonekana amefika kwake anakumbatia wajukuu, wimbo ukapigwa. Mama wa mlango wa pili alilalamika hadi akatoka. Alikuja kumwona Jaji tu."

"Una hakika?"

"Nilikuwa nimekaa mbele ya hiyo televisheni. Wewe ulikuwa wapi?"

Ndambuki aliusukuma ugali. Alitaka sana mkewe awe amekosea. Asubuhi, kabla ya kazi, alipiga simu kwenye kituo cha televisheni, na mhariri wa picha akamjibu mara moja. Kipindi kilikuwa kimezidi dakika zake. Jumamosi jioni Ndung'u alikuja mwenyewe wakaikata hukumu yote.

"Alimwambia nani?"

"Sidhani kuna mtu. Alisema yeye mwenyewe atamweleza Wasike, taratibu. Aliogopa kumvunja moyo."

Ndambuki alipofika kituoni, Lenah alikuwa kwenye benchi la mbao, mkoba mapajani, amevaa gauni lake la shule. Alisimama.

"Inspekta, nimekuja kuandika taarifa."

Ndambuki alimpeleka ofisini na kufunga mlango. Alimhurumia, na akaona hakuna haja ya kumtesa.

"Mwalimu, rudi shuleni. Ninachodhani unataka kusema, ninakijua tayari. Si lazima kitoke kwako."

Lenah alifikiri kidogo.

"Umejua kwa njia gani?"

"Mke wangu hutazama kipindi."

Kidogo acheke, lakini midomo ilikataa. "Basi andika na yangu. Jana nilikaa pale nikamsikia, nikajua, na nikanyamaza. Nilienda nyumbani nikapika. Bedan amelala usiku mwingine sakafuni kwa sababu yangu. Nisiposema leo, atakuwa ameokolewa na mkeo, na mimi nitarudi kwenye televisheni kufundisha watu sheria. Nitaweza namna gani?"

"Ni kaka yako. Unajua hukumu ya mauaji."

"Ninajua. Alinilea." Sauti ilimkatika, akangoja irudi. "Nitakuambia nilichokiona. Jumapili nilitazama kipindi mwanzo hadi mwisho. Wasike hakuwemo. Yeye anasema alijiona. Hakujiona, kwa hivyo hakuwa akitazama. Mengine sijui, sitayasema."

Ndambuki aliandika kila neno. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amewaona mashahidi wakipunguza, wakiongeza, wakilia ili wasiulizwe. Hakuwa ameona shahidi aliyesema kiasi alichokiona na kusimama hapo, huku kikimchoma namna ile. Alimheshimu mpaka akaona aibu kumkazia macho.

Wasike aliletwa saa nne, tai imefungwa vizuri. Lenah aliomba kubaki. Ndambuki alimruhusu aketi pembeni.

"Wasike, si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa na huenda likatumiwa kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini jana nilikwisha sema."

"Ulisema ulijitazama ukimwachilia yule mzee."

"Ndiyo."

"Onyesho hilo lilikatwa. Halikwenda hewani. Nairobi nzima ilitazama na hakuna aliyekuona."

Wasike alimgeukia Ndambuki, kisha dada yake, kama anayengoja mmoja wao aseme ni mzaha.

"Lenah?"

"Hukuwemo, kaka," alisema Lenah. "Nilitazama mwisho wote."

Yule bwana mnene alilegea kitini. Alifungua tai. Alipoanza kusema hakusema kwa sauti ya Jaji.

"Alikuwa ameniambia Jumapili ile, baada ya kanisa. Kipindi kinachofuata, Jaji atapokea hongo. Atamfunga mtu asiye na hatia kwa ajili ya hongo."

"Ni mchezo," alisema Ndambuki.

"Hata yeye alisema hivyo. 'Mzee, ni mchezo tu.' Inspekta, watu wa huku hawatazami mchezo, wananitazama mimi. Wanakuja kwangu na ndoa zao, na mipaka yao, na watoto wao. Siku wakiniona nimepokea hongo, nani atabisha mlango wangu tena? Kanisani nitasimama wapi? Stoo mimi ni karani. Nyumbani ni mtu aliyeacha shule. Ni pale tu nilipokuwa mtu."

"Kwa hiyo ulimfuata ukumbini."

"Nilijua watu wote watakuwa ndani. Nilikwenda kumwomba, naapa, si kumdhuru. Nilimwomba kama mtoto. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka, akanipa mgongo akaendelea kuandika. Nyundo ilikuwa kwenye rafu."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Na Bedan? Ulimwacha akae seli."

Wasike alifunika uso. "Nilijiambia watamwachilia. Kwamba hakuna ushahidi. Mimi, niliyewahukumu watu wote hao."

Yonis alikuwa ameacha kuandika. Ndambuki alimwashiria aendelee.

"Una la kuongeza?"

"Kabla sijampiga alisema kuna jambo lingine la kuniambia juu ya kipindi cha jioni hiyo. Alisema, 'Mzee, usikasirike.'" Wasike aliinua macho. "Sikumngoja amalize."

Alitia sahihi. Alipopelekwa nje, Lenah alisimama akamfunga tai yake tena, polepole, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Wasike aliinamisha kichwa akamwachia. Askari waliokuwa mlangoni walitazama kando.

Kisha wakamtoa Bedan. Alikuja ukutani ukutani, macho yamevimba, suruali akiishikilia kwa mkono. Hakuwa ameambiwa chochote na alidhani gari la mahakamani limefika. Sajini Yonis alileta mshipi na viatu vyake, akafungua kinywa amweleze.

Lenah alinyoosha mkono, akavichukua viatu. Alipiga goti kwenye ile sakafu ya saruji na kuviweka mbele ya miguu ya kijana, kimoja kando ya kingine.

"Bedan," alisema, "vaa viatu vyako uende nyumbani."