Kidonda Alichokificha Mama

Kila siku saa moja kamili asubuhi, simu ndogo ya Mama Recho ililia mlio wa jogoo. Hata kama chai ilikuwa inachemka, hata kama mgeni alikuwa mlangoni, Recho aliacha alichokuwa akifanya, akachota maji kwenye kikombe na kumpelekea mama yake. Mama alizipanga dawa kiganjani, akazimeza moja moja, kisha akafumba macho kidogo kama mtu aliyeonja shubiri. Saa moja jioni jogoo yule aliwika tena. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita, bila kuruka hata siku moja.

Recho alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Yeye na mama yake, Verediana, waliishi wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili huko Gungu, mtaa ulio karibu na ziwa. Baba alikuwa amefariki zamani, Recho akiwa bado anabebwa mgongoni. Baadaye figo za Mama nazo zikashindwa kufanya kazi. Mjomba Anatoli wa Ilagala, mdogo wake Mama, ndiye aliyesafiri naye hadi Dodoma akatoa figo yake moja, madaktari wakampandikiza dada yake. Dawa zile za saa moja ndizo zilizoilinda figo hiyo.

Nesi Agnesi wa kliniki alimweleza Recho jambo hilo kwa maneno mepesi. "Mwili una askari wake," alisema. "Wakiiona figo ngeni, wanataka kuifukuza. Dawa zinawalegeza ili mgeni akae kwa amani. Lakini askari aliyelegea hafukuzi hata mwizi. Jua likiichoma ngozi ya mama yako siku baada ya siku, linaweza kuleta saratani, na mwili wake hauna nguvu ya kuizima mapema kama mwili wako."

Ndiyo maana Mama alipewa masharti. Avae mikono mirefu na kofia pana. Ajipake losheni ya kukinga jua, na midomoni apake ile maalumu ya midomo. Asikae juani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tena kila mwisho wa mwezi akaguliwe ngozi mwili mzima, na kazi hiyo alikabidhiwa Recho. Alipewa kadi yenye picha ya mtu, mbele na nyuma, aweke alama palipo na uvimbe, baka jipya au kidonda kisichopona.

Masharti hayo si mazito kwa mtu anayeshinda ndani. Lakini Mama alikuwa mwanika dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa kushushia samaki, na dagaa hawakauki kivulini; kila msimu alikuwa akishinda juani.

Mwaka huo ziwa lilifungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Lilipofunguliwa mwezi wa nane, mwalo wote ulichangamka. Alfajiri wavuvi walirudi na shehena, wanawake wakakimbilia mitumbwini na mabeseni, na kufikia saa tatu chanja zote za kuanikia zilikuwa zimetandazwa dagaa waking'aa kama vipande vya bati. Kuanzia hapo walipaswa kugeuzwa mara kwa mara. Mama alianza kwa kuvaa kofia. Upepo wa ziwa ukaipeperusha mara tatu, akaiweka chini ya beseni. Joto lilipozidi akakunja mikono ya blauzi. Losheni ilipokwisha, hakwenda kuomba nyingine.

"Mama, kofia," Recho alimkumbusha Jumamosi moja, walipokuwa wakigeuza dagaa pamoja.

"Recho, niache. Shingo imelowa, kichwa kinanigonga. Nimechoka kuwa mgonjwa."

Manariyo, mwanamke jirani yao pale chanjani, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alicheka kwa upole. "Mwache mama yako, mwanangu. Jua linachoma wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Hii ngozi yetu nyeusi ni mwavuli aliotupa Mungu."

Recho aligeuza dagaa waliobaki. Lakini tangu mwezi wa saba alikuwa akikitazama kidonda kidogo kwenye mdomo wa chini wa Mama. Mwanzoni Mama alisema ameunguzwa na uji, Recho asikitie alama kwenye kadi. Kikafanya ukoko, ukoko ukabanduka, kikatoa damu, kikafanya ukoko tena. Sasa kilikuwa na ukingo mgumu kama punje ya mahindi. Mama aliacha pilipili, kisha akaacha ndimu. Watu wakimtazama, aliuvuta mtandio wake ukafunika mdomo.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Recho alimkagua kama kawaida. Alitazama nyuma ya masikio, mgongoni, mikononi, mpaka nyayo na katikati ya vidole. Kisha akachukua kalamu aweke alama mdomoni. Mama akamshika mkono.

"Hapo usiandike. Andika hakuna."

"Lakini Mama, kipo."

Mama aliketi kitandani kama mzigo uliotuliwa. "Sikiliza. Kuna mama mmoja aliniambia kule kliniki kwamba wakikukuta na kitu kama hiki, wanakusimamisha dawa. Dawa zikisimama, figo inakufa. Anatoli alipasuliwa ubavu kwa ajili yangu, Recho. Nitamtazama kwa macho gani? Hiki kitapona chenyewe. Niahidi hutamwambia mtu."

Recho hakuwahi kumwona mama yake akiomba namna ile. Aliandika "Hakuna." Herufi zilitoka zimepinda.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Mama hakwenda, alimtuma Recho akachukue dawa. Nesi Agnesi aliisoma kadi, akatazama nyuma ya Recho kama anayetafuta mtu.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda Ilagala, msibani."

"Poleni sana. Na ngozi yake haina kitu kabisa?"

"Haina, Nesi."

Nesi alimpa dawa za wiki mbili tu, akamwambia mama aje mwenyewe baada ya hapo. Recho alitoka akiwa na kiu kali, ingawa alikuwa amekunywa maji muda si mrefu. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Alisikia Mama akijigeuza kitandani kwa maumivu, naye akajigeuza upande mwingine. Darasani alisinzia mpaka mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Alijihisi mzee. Wenzake walipomwita kuruka kamba, aliwaambia miguu inamuuma, na kweli ilimuuma.

Jumapili moja Mjomba Anatoli alikuja kwa boti la asubuhi, amebeba mkungu wa ndizi na kuku wawili.

"Mwakeye!" alisalimu kwa Kiha tangu uani, kama kawaida yake. Walipokwisha kusalimiana, akamtania dada yake, "Na figo yangu haijambo?"

"Haijambo," Mama alijibu, mtandio ukiwa mdomoni. "Mimi tu, jino linanisumbua."

Mama alipika chakula kizuri, lakini mwenyewe alimeza matonge mawili tu, tena upande mmoja wa kinywa. Mjomba aliliona hilo. Saa nane akaaga, akamwomba Recho amsindikize mwaloni.

Walitembea muda mrefu. Karibu na Kibirizi, Mjomba akasimama. "Mbona umekonda hivyo, mpwa wangu? Wewe ndiye unayeumwa jino, au mama yako?"

Recho alitazama vumbi kwenye vidole vyake. "Mjomba, figo yako ikifa, utamkasirikia Mama?"

"Nani amesema inakufa?"

Hapo Recho alishindwa. Maneno yalimtoka pamoja na machozi: kidonda, kadi, uongo wa msiba, ahadi aliyompa Mama. "Nilimwahidi," alirudia. "Sasa nimemsaliti."

Mjomba Anatoli aliketi kwenye ukingo wa mtumbwi mbovu. Boti la Ilagala lilipiga honi. Hakuinuka. Lilipiga tena, likaondoka.

"Mimi sikumpa dada yangu figo ili ailinde figo," alisema hatimaye. "Nilimpa ili aishi. Twende nyumbani."

Mama alipowaona wakirudi wawili, alielewa mara moja. Alimtazama Recho kwa macho ambayo Recho hakuyasahau kwa siku nyingi.

"Wewe! Nilikuambia nini mimi?"

"Usimgombeze mtoto," Mjomba alisema. "Teremsha mtandio, dada."

"Anatoli, niache."

"Teremsha, nakuomba."

Mama aliteremsha. Mjomba alikitazama kidonda. Hakufoka wala hakuuliza maswali. Aliketi mkekani kando ya dada yake, akamshika mkono, na Mama akaanza kulia bila sauti, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji safari ndefu akasahau kwamba anaweza kuitua. Recho alibaki mlangoni. Hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Ndipo Mama akamnyooshea mkono wa pili.

Kesho yake asubuhi walikwenda kliniki wote watatu. Recho alitangulia kusema. "Nesi, nilikudanganya. Mama hakwenda msibani. Na kile nilichoandika kwenye kadi si kweli."

Nesi Agnesi aliweka kalamu chini. "Ahsante kwa kuniambia," alisema, kisha akamwita Daktari Castory.

Daktari alivaa glavu, akakishika kidonda, akapapasa shingo na chini ya taya. Alikata kipande kidogo kama punje ya mchele kikapimwe maabara. Majibu yalichukua wiki mbili, na wiki hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi mitatu ya ziwa kufungwa. Yalipokuja, daktari hakuzunguka.

"Ni saratani ya ngozi ya mdomo. Bado ni ndogo na haijatembea. Ikikatwa yote sasa, tuna matumaini makubwa ya kupona. Mngesubiri mpaka Krismasi, nisingesema hivi."

Mama aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Na dawa zangu? Mtanisimamisha?"

"Nani amekuambia hivyo?" daktari aliuliza. "Hatusimamishi ovyo. Nitazungumza na wenzangu wa Dodoma. Wanaweza kupunguza moja au kuibadilisha na nyingine, huku wakiipima figo. Ila wewe usiache hata kidonge kimoja kwa uamuzi wako."

Mama aliinama, akaziba uso kwa viganja. Kwa miezi mitatu alikuwa ameogopa jambo ambalo angeweza kuliuliza kwa dakika moja.

Alipasuliwa Mwanza. Mjomba alikwenda naye, Recho akalala kwa Manariyo. Jioni ya kwanza Manariyo alimwandalia maharage na ugali wa muhogo, akaketi karibu naye.

"Mimi ndiye niliyesema ngozi yetu ni mwavuli," alisema kwa masikitiko. "Sikujua."

Mama alirudi baada ya majuma matatu. Alikuwa amepungua, na mdomo wake wa chini ulikuwa umevutwa kidogo upande mmoja, hivi kwamba akitabasamu ilionekana kama anataka kusema neno la siri. Dawa yake moja ilikuwa imebadilishwa. Figo ilikuwa inafanya kazi.

Kazi ya dagaa hakuiacha, kwa kuwa ndiyo iliyowalisha, lakini utaratibu ulibadilika. Manariyo ndiye aliyekuja na wazo hilo. Mama alianika alfajiri na kuanua baada ya saa kumi, Manariyo akageuza dagaa wa wote wawili jua likiwa kali. Mama naye aliketi bandani akichambua dagaa wa Manariyo, kuondoa mchanga na takataka. Kofia yake alishonewa kamba ya kufunga kidevuni. Wanawake wengine wa mwalo walimcheka siku mbili tatu, kisha wakazoea.

Siku ya kliniki ya mwezi wa kumi na moja, Nesi Agnesi alimkagua Mama kuanzia utosini. Alipomaliza, Mama akavuta pumzi. "Nesi, nisikufiche. Nimepona, lakini nimechoka. Dawa, kofia, losheni, kukaguliwa kama ng'ombe wa mnadani. Kuna siku natamani kuvitupa vyote ziwani."

Recho alishtuka. Alidhani nesi atakasirika. Lakini Nesi Agnesi alivuta kiti akaketi mbele yao.

"Kuchoka si kosa, Mama Recho. Mimi pia ningechoka. Kosa ni kuchoka kwa siri. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua, nawe ulikaribia kabisa kuumbuliwa. Siku ukichoka, njoo useme. Tutatafuta njia, kama alivyoitafuta jirani yako." Kisha akamgeukia Recho. "Na wewe, mwanangu, bado unafikiri ulimsaliti mama yako?"

Recho alitazama chini. "Kidogo."

"Basi shika neno hili. Siri nyingine hutunzwa, na mtu mwema huzitunza. Lakini siri inayomla mtu si ya kutunza, hata kama aliyekuomba ni mama yako mzazi. Hiyo mpelekee mtu mzima unayemwamini, mapema, kabla haijawa kubwa kuliko wewe. Ulichelewa kidogo, lakini ulifika. Wengi hawafiki."

Mama alimvuta binti yake akamlaza kichwa begani. Pale kwenye benchi walipokuwa wameketi, huku wagonjwa wakiitwa majina nje na mlango ukifunguliwa na kufungwa, Recho alipatwa na usingizi mzito, usingizi ambao hakuwa ameulala tangu mwezi wa nane. Nesi alitaka wawapishe wengine, lakini Mama akamwashiria kwa kidole mdomoni: mwache kwanza alale.